Mwanagenzi wa Soksi Aliyehesabu Miguu ya Kipepeo

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha nne, somo la biolojia, mada ya mageuzi ya viumbe. Nikachora twiga ubaoni, kama sisi sote tulivyochorewa. Wenye shingo ndefu wanafikia majani ya juu, wenye shingo fupi wanakufa njaa, vizazi vinapita, basi. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwaona hao twiga wafupi. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikasema tutarudi kwenye swali hilo kipindi kijacho. Kila aliyewahi kushika chaki anajua maana ya maneno hayo. Kipindi kijacho nilianza mada nyingine.

Swali lile limenikaa kooni mwaka mzima, maana lilikuwa swali la haki. Nimepata kitu cha kumjibu, lakini nimekipata kwa kuchelewa, maktaba, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Nimekipata kwenye maisha ya mtu ambaye jina lake tunalimeza kwa ajili ya mtihani tu: Henry Walter Bates. Uigaji wa Bates, alama mbili, tunasonga mbele. Mtu mwenyewe hatumjui.

Bates alizaliwa tarehe 8 Februari 1825 mjini Leicester, katikati ya Uingereza, mji uliokuwa ukiishi kwa kutengeneza soksi. Baba yake alikuwa kwenye biashara hiyohiyo. Haikuwa familia ya kimaskini wa kutupwa, lakini haikuwa ya kumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu. Akiwa na miaka 13 shule ikaisha. Akapelekwa kuwa mwanagenzi kwa mfanyabiashara wa soksi, kazini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na kufagia ghala kukiwa sehemu ya kazi.

Hapa ndipo mimi, mwanafunzi wa ualimu, nilipoanza kusoma polepole. Baada ya saa mbili usiku kijana huyu alikwenda kwenye masomo ya jioni katika taasisi ya mafundi na wafanyakazi wa mji ule. Huko kulikuwa na maktaba. Alisoma Kigiriki, Kilatini, Kifaransa, akajifunza kuchora. Siku za mapumziko alikwenda msitu wa Charnwood, nje kidogo ya mji, kukamata mbawakawa na vipepeo. Mwaka 1843 jarida moja la wanazuoni wa wanyama lilichapa makala yake fupi kuhusu mbawakawa wanaopenda sehemu zenye unyevunyevu. Hakuwa na cheti wala msimamizi wa utafiti. Sisi wengine tunapiga msuli kwa sababu mtihani ni Jumatatu. Yeye hakuna aliyemtungia mtihani.

Mwaka 1844 alikuja Leicester mwalimu kijana, Alfred Russel Wallace, naye akiwa ameacha shule mapema, akiwa na miaka 14. Wakakutana, na Bates akamwonyesha mbawakawa wake. Wallace alishangaa kwamba eneo dogo kuzunguka mji mmoja linaweza kuwa na aina nyingi kiasi kile. Walipoachana waliendelea kuandikiana barua, na ndani ya barua hizo likazaliwa wazo la kichaa: waende Amazon, wajilipie safari kwa kukusanya wadudu na ndege na kuwauza kwa majumba ya makumbusho na matajiri wa Ulaya, na papo hapo watafute jibu la swali la jinsi aina za viumbe zinavyotokea. Wakampata wakala London, Samuel Stevens, wa kuwauzia mali yao. Bumu hakuna, mdhamini hakuna.

Mwezi Aprili 1848 wakapanda meli iliyoitwa Mischief, na tarehe 28 Mei wakafika Pará, mji ambao siku hizi unaitwa Belém, kwenye mlango wa mto Amazon. Bates alikuwa na miaka 23. Mimi nina 22, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya basi kutoka nyumbani kuja chuo.

Walifanya kazi pamoja kwa muda, kisha mwaka 1850 kila mmoja akashika njia yake. Wallace alirudi Uingereza mwaka 1852, na meli yake ikaungua katikati ya bahari pamoja na karibu kila kitu alichokusanya. Bates alibaki. Alibaki miaka kumi na moja jumla.

Haikuwa miaka ya raha. Mwaka 1851 homa ya manjano iliingia Pará. Mdogo wake Wallace, Herbert, alikuwa amefika kuwasaidia na alikuwa akisubiri meli ya kurudi kwao. Akaugua, na Bates ndiye aliyemuuguza mpaka akafa, kisha yeye mwenyewe akaanguka kwa ugonjwa uleule, akapona. Kabla ya hapo, akiwa mbali juu ya mto, mahali palipoitwa Ega (leo Tefé), alikaa mwaka mzima bila barua wala senti kutoka London. Nguo zilichakaa mpaka zikawa matambara, viatu vikaisha akawa anatembea peku ndani ya msitu, mtumishi wake akatoroka, na karibu fedha zote alizokuwa nazo zikaibiwa. Kilichomuuma kuliko hayo yote, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kukosa kitu cha kusoma.

Hata hivyo alirudi Ega, akapafanya makao kwa zaidi ya miaka minne. Alikula kasa wa mtoni mpaka akawachukia. Alikaa na wenyeji, akazungumza lugha zao za sokoni, akalala kwenye bembea kama wao. Na lazima niseme hili: wadudu wengi waliobeba jina la Bates kwenye makabati ya Ulaya waliletwa na mikono ya watu wa Ega, watoto wakiwemo, ambao walijua mti gani una nini na saa ngapi. Majina yao hayakuandikwa kwenye lebo za vipepeo.

Dakika kumi za kutembea kutoka mlangoni pake Ega, Bates aliweza kupata aina 18 za vipepeo wakubwa wenye mikia. Aina zote za vipepeo wa mchana alizozihesabu eneo lile zilifika 550. Siwezi kueleza ukubwa wa namba hiyo ila kwa kusema kwamba Uingereza nzima, nchi aliyotoka, ina kama 60 tu.

Sasa tufike kwenye vipepeo wawili, maana ndio sababu ya makala hii.

Kwenye kivuli cha msitu ule kulikuwa na vipepeo wenye mabawa marefu membamba, rangi ya chungwa, nyeusi na njano, wengine na sehemu zinazoona kama kioo. Leo wanasayansi wanawaita kundi la Ithomiini. Walikuwa wengi mno, na waliruka polepole kama watu wasiodaiwa na mtu. Hilo lilimshangaza Bates. Msitu umejaa ndege wala wadudu, umejaa mijusi na kereng'ende, na huyu hapa kipepeo wa rangi kali, mwepesi kukamatwa, hana haraka. Kwa miaka yote ile Bates hakuona ndege akimfukuza mmoja wao, wala mjusi akimrukia alipotua. Alinusa: wana harufu yao mbaya. Alipowaanika wakauke, hata wadudu waharibifu waliokuwa wakimtafunia mali yake waliwashambulia hao kidogo kuliko wengine. Akahitimisha kwamba hawaliki. Wakati ule hakuwa na kemia ya kuthibitisha. Baadaye sana ndipo ilipogundulika kwamba wanafyonza sumu kutoka kwenye mimea fulani na kuihifadhi mwilini.

Katikati ya makundi hayo, mara mojamoja, Bates alinasa kipepeo aliyefanana nao kwa kila kitu: mabawa marefu yaleyale, chungwa ileile, mabaka yaleyale, mwendo uleule wa pole. Akiruka, hata Bates mwenyewe, baada ya miaka ya kazi, hakuweza kumtofautisha. Ni mpaka amshike mkononi.

Akishamshika, alitazama miguu. Vipepeo wa kundi la Ithomiini wanatembea kwa miguu minne. Miguu ya mbele imedumaa, imebaki vijiti vidogo vilivyokunjwa kifuani. Huyu wa pili alikuwa na miguu sita yote kamili. Akatazama mishipa ya mabawa, nayo ikawa ya namna nyingine kabisa. Kipepeo huyu, ambaye Bates alimwita Leptalis na leo anaitwa Dismorphia, hakuwa ndugu wa wale wengine hata kidogo. Alikuwa wa familia ya Pieridae, ileile ya vipepeo weupe na wa njano tunaowaona kwenye bustani na madimbwini. Ndugu zake wa karibu ni weupe, yeye amevaa chungwa na nyeusi za ukoo mwingine. Na kuna dalili nzuri sana iliyoelezwa baadaye: madume wa baadhi ya aina hizi, ukiinua bawa la mbele, unakuta kwenye bawa la nyuma kiraka cheupe kilichofichwa. Weupe wa ukoo wake bado upo, umefunikwa.

Kufanana tu kungeweza kupita kama jambo la ajabu. Wapo waliosema Muumba aliwachora hivyo, wengine wakasema ni hali ya hewa na chakula cha mahali pale. Bates alifanya kitu ambacho kilihitaji miaka kumi na moja na mto mrefu: alilinganisha mahali kwa mahali. Kadiri unavyopanda Amazon, vipepeo wenye sumu wanabadilika mapambo. Mahali hapa mabaka yako hivi, mbele huko yako vile. Na kila wanapobadilika, mwigaji wao naye kabadilika kuwafuata. Mwigaji anapatikana palepale alipo mwenye sumu, na mwenye sumu ndiye wengi. Bates alikadiria mwigaji mmoja kwa elfu. Kama ni hali ya hewa, kwa nini ndugu wengine weupe wanaoishi kwenye hewa hiyohiyo wamebaki weupe? Na kwa nini anayefuatwa ni yule asiyelika, si mwingine yeyote?

Jibu lake lilikuwa ndege na mijusi. Katika kila kizazi cha Dismorphia kuna wanaofanana zaidi kidogo na wenye sumu, na kuna wanaofanana kidogo tu. Wanaogundulika wanaliwa. Waliobaki wanataga mayai. Rudia hivyo kwa vizazi visivyohesabika, na mlaji mwenyewe, bila kujua, anakuwa mchoraji wa mabawa. Ukitaka kuuliza kwa nini mwigaji lazima awe mchache, jibu ni rahisi: wakiwa wengi, ndege watazoea kwamba rangi ya chungwa ni tamu, na hapo kinga inaisha kwa wote wawili.

Bates aliondoka Amazon mwaka 1859. Alikumbuka yaliyompata Wallace, akagawa mali yake kwenye meli tatu tofauti, na yote yakafika. Jumla ya aina za wanyama alizokusanya zilikuwa 14,712, wengi wao wadudu, na karibu 8,000 zilikuwa hazijulikani kabisa kwa wanasayansi. Mwezi Novemba mwaka huohuo kikatoka kitabu cha Charles Darwin cha asili ya spishi. Darwin alikuwa na hoja nzito, lakini mifano yake mingi ilitoka kwa wafugaji wa njiwa na mbwa. Watu waliuliza, kwa namna yao, swali la kijana wangu wa dawati la nyuma: nani ameona jambo hili likitokea porini?

Mwezi Novemba 1861, mbele ya Chama cha Linnean mjini London, Bates akasoma makala yake kuhusu vipepeo wa bonde la Amazon. Ilichapwa mwaka 1862. Kichwa chake ni kirefu na kikavu, na sehemu kubwa yake ni orodha za majina. Hoja ya uigaji imewekwa humo ndani kama mtu aliyeficha dhahabu kwenye gunia la mahindi. Darwin aliogopa kwamba watu wataipita bila kuiona, kwa hiyo mwaka 1863 akaandika uhakiki wa kuisifu.

Sasa nirudi kwa kijana wangu, maana sitaki kumdanganya tena. Bates hakumwona ndege akionja kipepeo mwenye sumu na kumtema. Alichokiona ni mpangilio: nani yuko wapi, na nani, wangapi, ana miguu mingapi. Kwa mpangilio huo akaonyesha kwamba maelezo mengine yote yanakwama na hili halikwami. Majaribio ya ndege halisi kwenye vizimba yalikuja baadaye. Mwaka 1958 Jane Brower wa Marekani alichapisha yake, na ndege wake waliokwishaonja kipepeo mchungu walimkataa hata mwigaji wake. Ingekuwa leo ningemwambia yule mwanafunzi kwamba kuna kuona kwa macho na kuna kuona kwa kulinganisha, na sehemu kubwa ya biolojia ni hiyo ya pili. Halafu ningefuta twiga. Twiga nimewachoka.

Wala si lazima kwenda Amazon. Kwenye magugu yenye utomvu mweupe nyuma ya mabweni yetu huwa anatua kipepeo wa chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe, Danaus chrysippus, asiyelika kwa ndege wengi. Yupo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake linamwiga huyo karibu kwa kila alama, wakati dume ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Ukiwaona pamoja hutaamini ni mke na mume. Na kwenye misitu ya Usambara yuko Papilio dardanus, ambaye majike wake wana sura kadhaa tofauti, baadhi yao zikiiga vipepeo wachungu wa aina mbalimbali. Tunapita hapo kila siku tukienda kantini, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Ungedhani mtu wa namna ya Bates angegombaniwa. Mwaka 1862 aliomba kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, idara ya wanyama, mahali ambapo wadudu wake wenyewe walikuwa wamejaa kwenye madroo. Hakupata. Nafasi ilikwenda kwa kijana mshairi, Arthur O'Shaughnessy, ambaye wakati huo hakuwa anajua lolote la maana kuhusu wadudu. Hakuna jipya chini ya jua, ndugu zangu mnaosubiri ajira.

Kwa msukumo wa Darwin aliandika kitabu cha safari zake, kilichotoka mwaka 1863 na kupendwa sana. Kazi ya kukiandika ilimtesa kiasi kwamba alisema afadhali arudi Amazon miaka kumi na moja mingine kuliko kuandika kingine. Na kweli hakuandika kingine cha namna hiyo.

Mwaka 1864 akapata kazi ya katibu msaidizi wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, London, akakaa kwenye kiti hicho mpaka kufa. Ilikuwa kazi ya ofisi: barua, majarida ya kuhariri, wasafiri wa kuwashauri wabebe nini na wapime vipi. Hapa anatugusa kwa njia ambayo vitabu vya biolojia havisemi. Miaka hiyo ndiyo chama kile kilikuwa kikituma watu huku kwetu. Verney Lovett Cameron alitoka Bagamoyo mwaka 1873 kwa fedha za chama hicho, akavuka bara zima. Mwaka uliofuata Chuma na Susi, waliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, walifika Uingereza. Joseph Thomson naye alitumwa, mara mbili. Karatasi zenye majina ya Ujiji na Unyanyembe zilikuwa sehemu ya kazi za ofisi ya mtu aliyekuwa amekwenda peku Ega. Sijui nimpe lawama gani kwa hayo yaliyofuata baada ya ramani zile. Lakini siwezi kumsimulia nikaishia kwenye vipepeo tu, kana kwamba ofisi yake haikuhusiana na yaliyotupata.

Mwaka 1881 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha London, chama kikuu cha wanasayansi wa nchi ile, yeye wa shule ya miaka 13. Kwa wakati huo vipepeo alikuwa ameshawaacha kwa sehemu kubwa. Ofisi ilimla mchana, na muda uliobaki aliurudisha kwa mbawakawa, wadudu aliowaanza Charnwood akiwa kijana wa ghala la soksi. Alikufa tarehe 16 Februari 1892, siku nane baada ya kutimiza miaka 67, akiwa bado katibu msaidizi.